Kesi ya Bata Bukini na Ngazi ya Sainte-Chapelle

Solange Bourdillat alizaliwa katika nyumba ya mlinzi wa mfereji, pale ambapo maji ya juu na maji ya chini hutenganishwa kwa malango mazito ya mbao. Baba yake ndiye aliyeyafungua na kuyafunga, na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kuongea na watu walio ng'ambo, juu ya mashua za mizigo zenye injini za kunguruma, nyumba nzima ilizoea kupaza sauti. Mpaka uzeeni Solange hakujua kunong'ona. Ukimwambia siri yako asubuhi, saa sita utaikuta inakusubiri dukani kwa muuza mikate, na wala hakuwa na nia mbaya.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukandia unga. Aliolewa na Anselme, mwendesha mashua aliyekuwa akipita kwenye malango yale mara nyingi kuliko biashara yake ilivyohitaji. Wakapata mabinti wawili, ambao siku hizi wanaishi mbali, kila mmoja na nyumba yake. Akapika chakula cha shule ya kijiji cha Vaudelles mpaka watoto aliowalisha wakakua, wakamletea na wa kwao awalishe. Kisha Anselme akafariki, na shule nayo ikamuaga kwa hotuba na saa ya ukutani. Solange akakaa wiki nzima amekunja mikono, anasikiliza saa. Wiki ya pili akanunua bata bukini sita.

Asiyewajua bukini asidhani ni bata wa kawaida. Bukini ni askari, mpiga tarumbeta na mgomvi, wote katika manyoya mamoja. Kiongozi wao Solange alimwita Jenerali, ingawa alikuwa jike. Kila alfajiri Jenerali alinyoosha shingo, akatoa ukelele mmoja wa kufufua wafu, na wenzake wakamwitikia kama wanakwaya waliotoka kilabuni. Solange alizipenda kelele hizo. Akiwa bado kitandani alizisikia, akajisemea, "Haya, tumeamka," na ile tu kusema "tumeamka" badala ya "nimeamka" ilimtosha.

Ndipo Bwana Ferdinand Quérat alipohamia nyumba ya jirani.

Huyu alikuwa mtu wa Paris, mwembamba, mwenye upara na kofia ya buluu, aliyefanya kazi ya kulinganisha sauti za piano maisha yake yote. Alikuja Vaudelles kutafuta kimya. Siku ya pili au ya tatu Solange alimkuta dukani kwa Léontine, muuza mikate, akasimama ubavuni pake, akampa salamu ya mjini na ya shamba kwa pamoja: "Hujambo, Bwana! Karibu kwetu! Umelalaje?" Bwana Quérat alikuwa anahesabu sarafu. Hakugeuka. Alichukua mkate wake, akagusa ukingo wa kofia kumuaga Léontine, akatoka.

"Umeona?" Solange aliuliza.

"Nimeona, shoga yangu," alisema Léontine. "Salamu imeanguka chini, paa!"

"Sijamwomba mkopo. Nimemwuliza kalalaje."

Jibu la kalalaje lilikuja mwezi mmoja baadaye, likaletwa na tarishi wa mahakama, amevaa tai, amesimama nje ya lango huku Jenerali akimzomea kutoka ndani. Bwana Quérat hakulala vyema. Alikuwa anashtaki kelele.

Mahakama ya mkoa ilimpa Quérat haki: bukini waondoke. Solange alisikiliza hukumu, akavaa glavu zake pole pole, kisha akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Nitakata rufani. Nitakwenda Paris. Na Paris wakinishinda nitakwenda Roma kwa Baba Mtakatifu, nione kama na yeye hajui bukini ni nini."

Kwa hiyo asubuhi moja ya Machi alipanda treni ya kwenda Paris, kapu mapajani: mkate mzima, jibini, mapeasi mawili, na kopo la nyama ya bukini iliyochemshwa taratibu ikahifadhiwa kwenye mafuta yake. Bukini wa mwaka uliopita, si wa kesi. Bwana Quérat alikuwa kwenye behewa hilo hilo, viti vichache mbele. Njia nzima walitazama mashamba, kila mmoja dirisha lake, kama kwamba viazi vya mkoa ule havijawahi kuonekana.

Mahakama ya rufani iko ndani ya kasri la kale la wafalme, kwenye kisiwa katikati ya mto, na hapo mlangoni mambo yalianza kuharibika. Askari wa ukaguzi alifungua kapu, akatoa kisu cha kukunja.

"Hiki ni nini, Mama?"

"Kisu. Kwenu mnaita nini?"

"Hakiingii."

"Na mkate nikate na nini, na sheria?"

"Utakichukua ukitoka," askari alisema, akakitia kwenye kisanduku.

Nyuma yake Bwana Quérat naye alikuwa amemwaga mifuko yake mezani: leso, funguo, na kitu cha chuma chenye meno mawili marefu. Askari alikiinua mwangani.

"Ni uma wa sauti," alieleza Quérat. "Ukiugonga unatoa la, noti ya kulinganishia piano."

"Unatoa nini?"

Quérat akaugonga gotini, akausogeza sikioni kwa askari. Askari alisikiliza, uso ukamlainika kama wa mtoto anayebembelezwa. Akamrudishia. Solange aliona yote hayo, akaongeza moyoni: kisu cha mjane kinakamatwa, uma wa tajiri unapita.

Ndani, kwenye ngazi kubwa, walikuwa mawakili. Si wawili watatu, wengi, wamevaa majoho meusi, wamebeba mabango, wanapuliza filimbi. Wakili wa Solange, binti mdogo aliyeitwa Orsat, alikuwa katikati yao, na filimbi yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake.

"Mama Bourdillat!" alisema, akiitoa mdomoni. "Jamani! Nilikupigia simu jana mchana kutwa!"

"Jana nilikuwa bandani. Kuna nini, harusi?"

"Mgomo, Mama. Hakuna kesi leo. Ya kwako imesogezwa mpaka Oktoba."

"Oktoba! Na bukini?"

"Wakae tu," wakili alisema kwa furaha, akarudi kupuliza.

Solange alitoka uani. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya treni ya jioni, na mvua ilikuwa inaanza, mvua ya Machi, ya baridi. Alifungua mwavuli. Pembeni ya ua aliona kanisa limejibana kati ya majengo ya mahakama, refu na jembamba, limesimama kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta nduguye kwenye umati. Watu walikuwa wamepanga foleni.

"Kule ndani mvua inanyesha?" alimwuliza polisi.

"Hainyeshi, Mama. Ni Sainte-Chapelle, kanisa la wafalme. Ni la kutazama."

"Basi nitatazama."

Akajipanga. Baada ya muda akahisi mtu nyuma yake, akageuka. Alikuwa Bwana Quérat, bila mwavuli, kofia ya buluu imeloa na kulegea kama kitambaa cha sahani. Na yeye alikuwa na tiketi ya jioni.

Solange akageukia mbele. Alijikaza kama mtu aliyekwisha kula kiapo. Lakini aliyelisha watoto wa watu miaka yote hana uwezo wa kumtazama mtu analowa. "Njoo huku chini ya mwavuli," alisema bila kumtazama. Kimya. "Nimesema njoo!" Kimya. Akahamaki, akamkamata mkono wa koti, akamvuta. Bwana Quérat alishtuka mno, akasema, "Ah! Asante, Bibi," kwa adabu kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuitwa.

Dirishani mkata tiketi hakuinua macho. "Wawili? Kanisa na gereza la zamani?"

"Hatuko pamoja," walisema wote wawili kwa mpigo mmoja.

"Mnajibu pamoja na hamko pamoja," alisema yule mama wa tiketi. "Tiketi ni moja kwa sehemu zote mbili. Unaanza kanisani, unamalizia jela. Kama ndoa."

Chumba cha chini cha kanisa lile ni kifupi, kina dari ya buluu yenye maua ya dhahabu na nguzo nyingi zilizosongamana. Solange alizunguka mara moja. "Ndiyo hili tu?" aliuliza, na sauti ikazunguka nguzo zote kabla ya kumrudia. "Mfalme mzima?"

Bwana Quérat alimwonyesha mlango mdogo pembeni. Hapo ndipo ngazi ya kwenda juu inapoanza: ya mawe, imejisokota kama konokono, nyembamba hata mtu mpana huipanda akiwa ameyaomba mabega yake ruhusa. Quérat alitangulia. Solange alifuata. Nyuma yao likaingia kundi la watalii wa Kijerumani, warefu, wamevaa makoti ya mvua.

Katikati ya ngazi Bwana Quérat alisimama.

"Vipi?" aliuliza Solange. Mbele ya macho yake kulikuwa na visigino viwili vya viatu vyeusi, na vilikuwa vinatetemeka.

"Siwezi," ilisema sauti kutoka juu.

"Huwezi nini?"

"Kupanda. Ukuta unazunguka."

"Basi shuka."

"Kushuka nako siwezi."

Alikuwa ameukumbatia ukuta kwa mikono yote miwili, paji la uso limegandamizwa kwenye jiwe. Nyuma, Wajerumani walisimama mmoja baada ya mwingine kama mabehewa. Mmoja wao akauliza jambo kwa upole. Solange hakuelewa, akajibu hata hivyo, "Ngoja! Kuna mgonjwa!"

Na hapa lazima nimsifu. Mwanamke yule alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Adui yake alikuwa mbele yake, amekwama kama kizibo cha chupa, na mashahidi wa nchi mbili. Lakini kichwani mwake hamkuwa na ushindi. Alikuwa akiwaza namna ya kumwondoa. Na namna aliyoijua ya kumtoa kiumbe mwenye hofu kwenye njia nyembamba ilikuwa moja tu. Alining'iniza kapu mkononi, akamwekea viganja viwili mgongoni, imara lakini bila kusukuma, akaanza kutoa ile sauti ya katikati ya meno:

"Tss, tss, tss. Haya. Haya baba. Mguu mmoja. Tss. Usitazame ukuta, tazama miguu. Mwingine. Haya, mzuri wangu, haya, twende nyumbani, tss, tss."

Bwana Quérat alipanda. Hatua baada ya hatua, macho kwenye viatu vyake, alipanda kama Jenerali anavyoingia bandani jioni, kwa kinyongo na kwa heshima. Wajerumani wakafuata. Wa mwisho wao, nasikia, naye alianza kufanya tss tss.

Walipotokea juu, mvua ilikuwa imekatika. Ndiyo maajabu ya Machi. Jua lilikuwa limeingia kwa kishindo, na kanisa la juu halina kuta, ni vioo tu, kuanzia kiunoni mpaka darini, vyekundu na buluu, na jua lilikuwa limevimwaga vyote sakafuni. Solange aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu alifungua mdomo, akaufunga. Alinyanyua kichwa mpaka shingo ikalia. Alijikuta viganja vyake bado viko mgongoni mwa Bwana Quérat, akaviondoa.

Quérat aliketi kwenye benchi la mawe kando ya ukuta, akavua kofia. Rangi nyekundu ikamwangukia upara wote.

"Umeiva," Solange alimwambia, alipopata sauti. "Kama kamba aliyetoka chunguni."

"Nahisi hivyo hivyo," alisema. Akafuta jasho. "Asante, Bibi Bourdillat. Ulikuwa unanisemesha lugha gani kule?"

"Ya bukini."

Alifikiri kidogo. "Inafanya kazi," alikubali.

Solange akaketi upande wa pili wa benchi, kapu katikati yao kama mpaka wa nchi. Wakatazama vioo. Kila dirisha lilikuwa limejaa vijipicha vya Biblia, vidogo, vingi, mpaka jicho linapotea. "Na nani alikuwa akiyasafisha?" Solange aliuliza. "Mfalme anajenga, anapiga magoti, anaondoka. Mwenye kitambaa humsikii." Baadaye kidogo akaonyesha kwa kidole. "Yule ni Judith. Hadithi yake naijua. Alimlisha yule jemadari kwanza, akamnywesha, alipolala ndipo akamkata kichwa. Mpishi mwenye akili."

Bwana Quérat akasogea kidogo kwenye benchi.

"Usiogope," alisema Solange. "Kisu wamenichukua."

Hapo ndipo Quérat alipocheka, kicheko kifupi cha puani, kilichomshangaza mwenyewe. Kisha akatoa ule uma wa sauti, akaugonga gotini, akaushika wima. Solange aliisikia noti ile ya la ikitoka, nyembamba na safi, ikapanda. Watu wawili watatu waligeuka wakitabasamu.

"Jenerali wako," alisema Quérat, "kila alfajiri anailenga hii. Na kila alfajiri anaikosa kwa chini kidogo. Kidogo tu! Angeipata ningelala, naapa. Angeikosa kabisa ningelala pia. Ni pale karibu, Bibi, ndipo panaponiua."

Solange alimtazama yule mtu. Katika mwaka mzima wa kesi, katika karatasi zote za mawakili, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Jenerali wake alikuwa karibu na kitu chochote. "Karibu kiasi gani?" aliuliza.

"Karibu sana. Ana kipaji."

Walishuka kwa ngazi nyingine, Solange safari hii mbele, ili Quérat akianguka amwangukie mtu mnene. Kwenye soko la maua lililo jirani, chini ya paa la vioo, walipata benchi kati ya vyungu vya mawaridi, na saa ya chakula ilikuwa imefika. Mkate ulimegwa kwa mikono. Kopo likafunguliwa. Lakini kisu kilikuwa kwa askari, na nyama ile haipakwi kwa kidole mbele ya watu.

Solange alitazama mfuko wa koti la jirani yake. "Lete huo uma."

"Ni uma wa sauti, Bibi."

"Uma ni uma."

"Nimekuwa nao tangu ujana wangu!"

"Basi umekaa na njaa muda mrefu. Lete."

Akatoa. Akaufuta kwa leso kwanza, uso wake kama wa mtu anayemkabidhi binti yake. Solange akapaka mkate kwa meno yale mawili, mnene, mpaka pembeni, akampa. Quérat akauma. Akatafuna. Akafumba macho.

"Hii ni nini?"

"Kula kwanza."

"Ni bukini," alisema polepole.

"Ni bukini."

"Ni mzuri sana."

"Unaona? Tatizo lako na wao ni asubuhi tu."

Gereza liko upande wa pili wa kasri hilo hilo, mtoni, na kwa kuwa tiketi ilikuwa imelipiwa na mwanamke kama Solange hatupi kitu kilicholipiwa, wakaingia. Ukumbi wa askari wa mfalme, kwanza: nguzo nene, dari za matao, ubaridi wa pishi. Kisha vyumba vya wafungwa. Siku hizo walikuwa wameweka masanamu ya nta, yamevaa nguo za enzi ya Mapinduzi: maskini wamelala kwenye majani makavu, wenye fedha kwenye vitanda. Solange alisoma kila kibao kwa sauti, kwa faida ya wote. Mlangoni pa chumba kimoja alikaa karani, kalamu mkononi.

"Samahani, Bwana," Solange alimwambia, "choo kiko wapi?"

Karani hakujibu.

"Bwana! Nakuuliza kwa adabu!"

Kimya. Solange akapandisha mabega. "Mwingine huyu! Paris nzima hakuna mtu anayeitika?" Akainama amwangalie usoni, akaona jicho la kioo na vumbi juu ya nyusi.

Bwana Quérat alikuwa ameegemea nguzo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akicheka bila sauti, mikono tumboni. Solange alimkodolea, akajaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Wakacheka wote mbele ya karani wa nta mpaka mlinzi wa kweli alipokuja kuwauliza kama wako salama, na Solange akamgusa bega kwanza, kuhakikisha.

Lakini kulikuwa na neno katika yale aliyoyasema, na Quérat alilisikia. Walipofika kwenye ua wa wanawake, uani palipo na chemchemi ambapo wafungwa wanawake walikuwa wakifua nguo zao, na meza ya mawe walipokula, alisimama.

"Ulisema mwingine. 'Mwingine huyu.' Wa kwanza ni nani?"

"Wewe," alisema Solange. Alikuwa ameketi ukingoni mwa jiwe, anapumzisha miguu. "Dukani kwa Léontine. Nilikusalimu. Nilikuuliza umelalaje. Ukanipita kama nguzo. Mimi kesi si kelele, Bwana Quérat. Kesi ni ile salamu. Ungekuja ukagonga, ukasema hodi jirani, bukini wako wananikosesha usingizi, mimi ningewafungia mpaka kengele ya asubuhi. Unaniletea mtu wa tai!"

Bwana Quérat aliishika kofia yake, akaizungusha, akaizungusha.

"Ulisimama upande gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Dukani. Upande gani wangu?"

Solange alifumba macho, akajipanga tena dukani. "Huu," alisema, akimgusa mkono wa kushoto.

"Sikio hilo limekufa," alisema Quérat. "Lilikufa nikiwa bado kazini. Fundi wa piano hatangazi jambo hilo, Bibi. Nilifanya kazi miaka miwili kwa sikio moja, namwomba Mungu mteja asijue. Na ndilo linalonizungusha kichwa kwenye ngazi. Halafu hodi nilipiga. Nilikuja kwako, wiki ile ya kwanza, nimebeba chupa ya divai. Jenerali alinikimbiza mpaka barabarani. Alinichana suruali."

Picha ilikuwa inamjia Solange, na hakuipenda: mtu mwenye kofia ya buluu anakimbia, chupa juu, bukini sita nyuma yake, na yeye Solange nyuma ya pazia la jikoni, ameshika mbavu kwa kucheka.

"Nilidhani ni muuza bima," alisema.

"Nilikusikia ukicheka."

"Kwa lile sikio zima."

"Kwa lile zima."

"Ewe Mama wa Mungu," alisema Solange, na kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa alilisema jambo chini chini. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu: "Lakini wee! Kama una sikio moja tu, si ulale umelilalia hilo zima? Utalala kama gogo!"

"Nimejaribu," alisema. Alikuwa anatazama chemchemi. "Nikililalia, sisikii kitu chochote. Hata moyo wangu. Kimya kile kinanitisha, Bibi. Nakaa namngojea Jenerali aanze, nijue kwamba sikio bado lipo. Akianza, namlaani."

Solange alifungua kapu, akatoa peasi la pili, akampa, akamwangalia akilila mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwaangalia watoto wa shule waliofiwa.

Kwenye treni ya kurudi walikaa pamoja, yeye upande wa kulia wa Quérat, akaongea njia nzima. Walisahau kisu kwa askari. Solange alikumbuka wakiwa wamefika nusu ya njia, akasema hata hivyo kilikuwa butu.

Wakili Orsat alipoelezwa kwamba kesi inafutwa alisikitika kidogo, maana alikuwa ameandaa hoja nzuri kuhusu uhuru wa wanyama wa shambani. Kijiji kilisikitika zaidi. "Sasa tutaongea nini?" alilalamika Léontine. "Mmetunyang'anya riziki."

Aprili walianza kujenga banda jipya mwisho wa shamba, karibu na mfereji. Quérat alishika misumari, Solange alishika nyundo, na kila mmoja alikuwa na maoni. Mlango ufunguke ndani au nje? Quérat alisema nje, ni hesabu rahisi. Solange alisema ndani, kwa sababu bukini hawajui hesabu. Walibishana siku mbili, wakanywa ile chupa ya divai iliyonusurika mbio, wakautia mlango kama alivyotaka Solange. Ukagoma kufunguka wote kwa sababu ya jiwe lililokuwa ndani. Basi wakaacha hivyo, nusu wazi, na bukini wakajifunza kupita kwa ubavu, mmoja mmoja, Quérat akiwa nyuma yao jioni ameinama, anasema tss, tss, kwa lafudhi ya Paris.